Udongo au mti? Wanamapinduzi wa 1789 walimwonaje mwanadamu

Msomaji anayesomesha skuli moja ya sekondari huko Wete, Pemba, ameniandikia hivi:

"Shikamoo Maalim. Nasomesha historia kidato cha tano. Wiki iliyopita tulikuwa kwenye Mapinduzi ya Ufaransa, nikawaambia wanafunzi yale niliyofundishwa na mimi: kwamba wanafikra wa zama zile waliamini mtu ni mwema kwa maumbile, na jamii ndiyo inayomharibu. Kijana mmoja anayekaa nyuma kabisa akanyoosha mkono, akauliza: 'Kama waliamini mtu ni mwema, mbona walikatana vichwa?' Darasa zima likanigeukia. Nilijibu kitu, lakini hakikuniridhisha mwenyewe. Hao wanafikra na hao watunga sheria, waliamini nini khasa kuhusu maumbile ya mwanadamu? Na wale wa Marekani je, imani yao ilikuwa hiyohiyo?"

Marahaba, mwanangu. Nimelisoma swali lako mara tatu, na kila mara nimemfikiria yule kijana wa nyuma, kwani amegusa penyewe. Ameambiwa mambo mawili, akaona hayakai pamoja, na kweli hayakai. Kosa liko kwenye lile la kwanza. Wengi wa wanamapinduzi wale hawakuamini kwamba mtu ni mwema. Waliamini kwamba mtu ni udongo.

Tuanze na Rousseau, maana naamini ndiye aliyekusudiwa na hivyo vitabu vyako. Jean-Jacques Rousseau alizaliwa Geneva mwaka 1712 na akafa 1778, miaka kumi na moja kabla ya Mapinduzi. Mwaka 1755 alichapisha hoja yake juu ya chanzo cha watu kutokuwa sawa, na 1762 akatoa vitabu viwili, kimoja cha malezi na kimoja cha mkataba wa jamii. Ni kweli alisema kwamba kila kitu hutoka kizima mikononi mwa Muumba na huharibikia mikononi mwa watu. Lakini alikuwa akibishana na nani? Alikuwa akibishana na kanisa lililofundisha kwamba kila mtoto huzaliwa na dhambi aliyoirithi kwa Adam. Kwa Mfaransa wa karne ile, kusema mtoto huzaliwa safi kulikuwa ni kutikisa nguzo za nyumba. Kile kitabu cha malezi kilichomwa moto Paris, na mwenyewe akaikimbia nchi asikamatwe.

Wanafunzi wako hawalisikii tetemeko hilo, na hapo ndipo sisi huku tunapomsoma Rousseau vibaya. Mtoto wa Kipemba ameshaambiwa chuoni, hajajua hata kuandika jina lake, kwamba kila mtoto huzaliwa juu ya fitra. Ameshasomeshwa pia, katika Sura Yusuf, kwamba nafsi huamrisha sana maovu. Anavibeba vyote viwili, usafi wa kuzaliwa na nafsi ya kupambana nayo maisha yake yote, wala havimgongani kichwani. Rousseau uovu aliuweka nje: katika mali, katika kujilinganisha na jirani, katika kutaka kutazamwa na watu. Ukishasema uovu umetoka nje, hujafika mbali kusema kwamba anayeitengeneza hiyo nje anaweza kuuondoa.

Wengine walikuwa wameshafika huko. Mwingereza John Locke, mwishoni mwa karne ya 17, aliifananisha akili ya mtoto na karatasi isiyoandikwa kitu. Wafaransa waliomfuata wakampita. Condillac akaeleza kwamba fikra zote, hata kumbukumbu na matamanio, ni hisi za mwili zilizogeuka sura. Helvétius, ambaye kitabu chake cha 1758 nacho kilichomwa moto mwaka uliofuata, akasema mtu huendeshwa na mambo mawili tu, kuitafuta raha na kuyakimbia maumivu, na kwamba tofauti baina ya mtu na mtu huletwa na malezi. Malezi, kwa maoni yake, yanaweza kila kitu.

Mtu huyu wa Helvétius si mwema. Wala si mbaya. Ni kitu kinachosukumwa na kuvutwa, na kinachochukua umbo la mkono unaokishika. Wanafunzi watakwambia kwamba na sisi tunasema hivyo: udongo uwahi ungali maji, samaki mkunje angali mbichi. Waambie wazitazame tena methali hizo. Zina saa ndani yake. Udongo utakauka, samaki atakauka, na baada ya hapo hukunji tena, utavunja. Na anayeambiwa awahi ni mzazi, ambaye naye alikunjwa na wazee wake na bado ana alama zake. Udongo wa Helvétius haukauki. Na mfinyanzi wake si mama wala bibi, ni mtunga sheria.

Sasa tuje kwa hao watunga sheria, na nitaanza na mazuri yao, maana ni mengi na huwa tunayaruka ili tufike haraka kwenye damu.

Mwaka 1764 kijana wa Milan, Cesare Beccaria, alichapisha kijitabu juu ya makosa na adhabu kilichosomwa Ulaya nzima. Hoja yake ilianzia palepale pa raha na maumivu. Ikiwa mtu hukimbia maumivu, basi kinachomzuia ni uhakika wa adhabu kuliko ukali wake. Mwizi anayejua kwa yakini kwamba atakamatwa na kufungwa miezi michache hujizuia kuliko yule anayejua kwamba wizi ni kifo lakini hajapata kumwona mtu aliyekamatwa. Na kumtesa mtu ili akiri, alisema, ni kumwachia mhalifu mwenye mwili mgumu na kumhukumu dhaifu asiye na kosa.

Fikra hizo ziliingia moja kwa moja katika Kanuni ya Adhabu ya Ufaransa ya 1791. Mhalifu hapigwi tena chapa ya moto. Kifungo cha maisha kikafutwa, na kirefu kuliko vyote kikawa miaka 24. Kila kosa likapewa adhabu yake, hakimu asiweze kuongeza wala kupunguza, kwa kuwa mtu akishajua bei ya kila kosa atajipigia hesabu mwenyewe. Na aliyemaliza kifungo chake, miaka kumi ikipita akiwa na mwenendo mzuri, aliruhusiwa kuomba arejeshewe heshima: maofisa wa manispaa wanakwenda naye mahakamani, na hapo, mbele za watu, inatamkwa kwamba ameshalipa. Hili la mwisho hunigusa kila nikilisoma. Watu wale waliamini kwa dhati kwamba mtu hubadilika, wakaikatia imani yao mlango kwenye sheria.

Aliyeileta kanuni hiyo bungeni aliitwa Le Peletier de Saint-Fargeau, mtu wa ukoo mkubwa na mali nyingi. Yeye alitaka adhabu ya kifo ifutwe kabisa. Bunge likakataa, likaibakisha bila ya mateso. Katika mjadala huohuo, tarehe 30 Mei 1791, alisimama mwanasheria kijana kutoka Arras akamuunga mkono: adhabu ya kifo si haki, na huzidisha makosa kuliko inavyoyazuia. Jina lake Maximilien Robespierre. Mwambie hivyo yule kijana wako, kisha nyamaza kidogo.

Kwa sababu hapo ndipo swali lake linapokuwa zito. Mtu huyuhuyu, miaka mitatu baadaye, ndiye aliyekuwa kinara wa serikali iliyokuwa ikikata watu vichwa. Nini kilipita katikati? Vitabu vitakutajia vita na majirani, njaa, bei ya mkate, uasi wa Vendée, magharibi ya Ufaransa, ulioanza Machi 1793, na yote hayo ni kweli, usiyaache. Lakini vita na njaa zimezikuta nchi nyingi ambazo hazikutunga sheria za namna ile. Kuna kitu kilikuwa tayari kwenye picha yao ya mwanadamu, na mimi nakiona mahali ambapo watu hupita mbio: utangulizi wa Tamko la Haki za Mtu na Raia la tarehe 26 Agosti 1789.

Kifungu cha kwanza tunakijua sote, kwamba watu huzaliwa na hubaki huru na sawa katika haki. Lakini kabla ya vifungu vyote 17, wabunge walieleza kwa nini watu wana dhiki na serikali zimeoza. Sababu, walisema, ni hizi peke yake: haki za binadamu kutojulikana, kusahauliwa, au kudharauliwa. Hakuna nyingine. Hakuna husuda humo, hakuna woga, hakuna tamaa, hakuna uchovu wa mtu aliyelala na njaa. Hakuna nafsi.

Zipime moja moja. Kutojua kuna dawa, nayo ni skuli. Kusahau kuna dawa, na wenyewe waliitaja: Tamko liwe mbele ya macho ya watu daima, liwakumbushe. Inabaki dharau. Umeshamfunza mtu, umeshamkumbusha, na bado anaificha ngano yake ghalani mpaka bei ipande. Huyu utamwitaje? Mpemba atamwita mroho, atamsema barazani, atamnyima salamu mwezi mzima, na mwakani atamwalika harusini. Picha ya 1789 haina mroho. Ina mjinga, ina msahaulifu, na baada yao ina adui.

Na udongo uligoma kuchukua umbo. Mapadri wengi walikataa kuapa utiifu kwa taifa na sheria zake mpya. Wakulima walitaka ardhi lakini walitaka na kengele za kanisa lao. Kadiri ulivyogoma, ndivyo mikono ilivyozidi kuubana. Le Peletier aliuawa tarehe 20 Januari 1793, siku moja kabla ya mfalme kukatwa kichwa, na aliyemuua alikuwa askari wa zamani wa mfalme aliyekasirishwa na kura yake ya kutaka mfalme afe: kura ya mtu yuleyule aliyeomba kifo kifutwe. Katika karatasi zake mlikuwamo mpango wa elimu, na Robespierre akausoma bungeni tarehe 13 Julai. Watoto wote wa Ufaransa, wavulana toka miaka mitano hadi kumi na miwili, wasichana toka mitano hadi kumi na mmoja, waondolewe majumbani wakalelewe pamoja kwa gharama ya taifa: nguo moja, chakula kimoja, kazi zilezile. Kuna huruma ya kweli humo, kwani mtoto wa maskini angekula anachokula mtoto wa tajiri. Lakini mama hayumo. Wazazi walipinga, mpango ukafanywa wa hiari, kisha ukaachwa.

Mwaka huohuo walibadilisha na kalenda. Wiki ikawa siku kumi, Jumapili ikafutwa. Hebu fikiria mtu aje Chake Chake atangaze kwamba kuanzia kesho hakuna Ijumaa. Wakulima wa Ufaransa waliendelea kupumzika Jumapili yao, na kalenda ile ikafa rasmi tarehe 1 Januari 1806.

Halafu ikaja sheria ya tarehe 10 Juni 1794. Nataka wanafunzi wako waijue hii kuliko wanavyoijua gilotini, ile mashine ya kukatia vichwa, maana gilotini ni chuma tu. Sheria hiyo iliwataja maadui wa umma, na miongoni mwao ni wanaoeneza habari za uongo, wanaoharibu maadili, na hata wanaowakatisha watu tamaa. Adhabu ya wote mbele ya Mahakama ya Mapinduzi ni moja, kifo. Ushahidi unaotosha ni wowote unaoweza kukubaliwa na akili iliyo sawa, uwe wa kitu kinachoshikika au wa kimaadili, na ukipatikana huo mashahidi hawaitwi. Na mtuhumiwa hana wakili. Mzalendo aliyesingiziwa, sheria ilisema, wakili wake ni wazalendo wenzake wanaoamua kesi. Na waliokula njama hawapewi wakili. Katika wiki saba zilizofuata, zaidi ya watu 1,300 waliuawa Paris. Tarehe 28 Julai ikawa zamu ya Robespierre mwenyewe, bila ya kesi, kwa kuwa alishatangazwa yuko nje ya sheria.

Tazama mwanadamu gani yumo ndani ya sheria hiyo. Ni mwanadamu aliye wazi kama maji kwenye gilasi. Raia mwema akimtazama mwenzake anauona moyo wake, kwa hivyo wakili wa nini? Mashahidi wa nini? Mtu aliyechanganyikiwa, mtu aliyesema neno kwa hasira, mtu anayeipenda jamhuri na anampenda pia kaka yake aliyeikimbia, hawa hawana pa kukaa. Kwa hivyo mjibu kijana wako hivi: waliua kwa sababu ya ukubwa wa tumaini lao. Walikuwa na hakika kwamba mtu anaweza kufanywa mpya, na hakika hiyo haikuwaachia neno la kumwambia aliyebaki wa zamani.

Kuna jambo la pili kwenye fikra ya udongo, na hili halina budi kusemwa darasani. Ikiwa watu wote ni udongo, mfinyanzi katoka wapi? Rousseau alilihisi tatizo hilo. Katika kile kitabu cha mkataba wa jamii anasema kwamba anayethubutu kuunda taifa lazima ajione ana uwezo wa kuyabadilisha, kwa namna fulani, maumbile yenyewe ya mwanadamu, na akakiri kwamba ingehitaji miungu kuwapa watu sheria. Yeye aliliandika kama onyo la ugumu. Waliokuja nyuma yake wakalisoma kama tangazo la kazi, wakaomba nafasi.

Hapa ndipo Wamarekani wanapoachana nao. Waliipata hekima yao kwa watu kadhaa, mmoja wao Mfaransa, Montesquieu, aliyeandika mwaka 1748 kwamba kila mwenye madaraka huelekea kuyatumia vibaya, na huendelea mpaka akutane na mpaka. Mwaka 1788, akiitetea katiba iliyoandikwa Philadelphia mwaka mmoja kabla, James Madison, mmoja wa walioiandika, alisema kwamba watu wangekuwa malaika serikali isingehitajika, na kama malaika ndio wangetutawala, basi serikali isingehitaji kudhibitiwa. Kwa vile si malaika, tamaa ya huyu iwekwe ikabiliane na tamaa ya yule.

Nilipokuwa kijana nilipenda kukaa na mafundi wa majahazi Nungwi. Fundi akitafuta mti wa mataruma, zile mbavu za chombo, haangalii mti ulionyooka. Anatafuta tawi lililopinda lenyewe. Analizunguka, analipima kwa jicho, analiacha, anakwenda kwenye mti mwingine, mpaka apate lile ambalo mpindo wake unakwenda na tumbo la chombo. Mti ulionyooka ukiulazimisha upinde, utakungoja baharini ndipo upasuke. Madison ni fundi wa namna hiyo. Hakusema mpindo ni mzuri. Alitafuta pa kuuweka. Na jambo ninalomheshimia zaidi ni kwamba alijihesabu na yeye miongoni mwa miti.

Usiwape lakini wanafunzi Madison kama mshindi wa mashindano. Fundi huyu alikuwa anamiliki watumwa. Katiba aliyoitetea iliwahesabu watumwa watano kuwa watu watatu katika kugawa viti vya bunge. Aliona tamaa ya kila mtu isipokuwa ile iliyomlisha.

Na hapa sisi watu wa mwambao tuna la kusema ambalo Mfaransa hawezi kutusemea. Mwaka 1776, mwaka uleule Wamarekani walipotangaza kwamba watu wote wameumbwa sawa, mfanyabiashara Mfaransa Jean-Vincent Morice alitiliana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka, wakafanye kazi kwenye mashamba ya Île de France, ndiyo Mauritius ya leo. Alinunua na Unguja pia. Miaka kumi na mitatu baadaye likaandikwa Tamko. Wale waliopakiwa Kilwa walizaliwa huru na sawa? Baadhi ya wanafikra walisema ndiyo: Condorcet alishaandika dhidi ya utumwa mwaka 1781, na 1790 akatetea pia wanawake wapewe haki za uraia. Olympe de Gouges alitoa tamko lake la haki za mwanamke mwaka 1791, akakatwa kichwa Novemba 1793. Wabunge wengi walikaa kimya mpaka watumwa wa Saint-Domingue, koloni la Wafaransa lililo Haiti ya leo, waliposimama wenyewe Agosti 1791. Ni baada ya moto ule ndipo bunge la Paris likafuta utumwa, tarehe 4 Februari 1794, chini ya watu walewale waliotunga sheria ya Juni. Nayo ni kweli, na lazima uwaambie.

Mwaka 1796 wajumbe wawili wa Paris waliifikisha amri ile Île de France. Wenye mashamba wakawafukuza, wajumbe wakaondoka kwa meli. Watu wetu, waliotoka pwani hii, walibaki watumwa kule mpaka Waingereza walipofuta mwaka 1835. Saint-Domingue nako, katiba ya Toussaint Louverture, kiongozi wa watumwa waliojikomboa, ya 1801 ilitamka kwamba mtumwa hawezi kuwapo katika ardhi ile. Bonaparte, jenerali aliyekuwa ameshaitwaa Ufaransa, akaurejesha utumwa katika makoloni mwaka uliofuata, wao wakapigana, na tarehe 1 Januari 1804 ikazaliwa Haiti. Nikiulizwa nani alilisoma Tamko sawasawa kuliko wote, jibu langu ni hao.

Sheria haihitaji mapinduzi ili iwe na picha ya mwanadamu ndani yake. Chukua amri ya tarehe 6 Aprili 1897 iliyofuta hali ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba. Inasomeka kama zawadi. Lakini mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuomba, bwana wake alilipwa fidia, masuria waliachwa nje mpaka 1909, na aliyetambuliwa kuwa huru alitakiwa aoneshe ana makazi na njia ya kuishi, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Nani anakaa ndani ya kifungu hicho cha mwisho? Ni mtu anayedhaniwa mvivu kwa kuzaliwa, ambaye akiachiwa hatachuma karafuu. Waliokiandika wasingekubali kwamba wanajadili maumbile ya mwanadamu. Walikuwa wanayajadili.

Ulaya yenyewe ilichoka. Kanuni ya Sheria za Kiraia ya 1804 iliandikwa na watu walioyapitia yote yale, mkubwa wao Portalis, aliyesema kwamba sheria zimetungwa kwa ajili ya watu, watu hawakutungwa kwa ajili ya sheria. Maneno mazuri. Lakini mke akaamriwa kumtii mumewe, na baba akapewa uwezo wa kumtia ndani mtoto wake wa chini ya miaka 16 hadi mwezi mmoja. Waliacha kumtarajia mwanadamu mpya, wakamkabidhi yule wa zamani kwa baba yake.

Hukuniuliza kuhusu 1964. Wanafunzi watakuuliza, kwa hivyo nakutayarisha. Mapinduzi yetu ya tarehe 12 Januari yalikuwa na sura zote mbili. Elimu bila malipo iliyotangazwa Septemba 1964 na zile eka tatu tatu walizopewa watu wasio na ardhi zilitokana na imani njema kabisa, kwamba mtoto wa mchukuzi hana upungufu wowote isipokuwa wa kile alichonyimwa. Mimi ni tunda la imani hiyo, nimesoma bure. Kisha zikaja Mahakama za Wananchi, kwa amri ya 1969, ambamo raia wasio wanasheria walikaa kuhukumu na mawakili hawakuruhusiwa kuingia. Katika miaka ile Baraza la Mapinduzi ndilo lilikuwa likitunga sheria na kuzitekeleza. Baraza la Wawakilishi lilikuja 1980, na Katiba ya Zanzibar ya 1984 ikaweka haki za msingi kwa maandishi. Katikati ya miaka hiyo ya themanini mahakama zile zikaondoka na mawakili wakarudi. Sisemi kwamba walioziunda walikuwa wamemsoma Robespierre. Nasema fikra ileile, kwamba mtu mwema hahitaji msemaji na mtu mbaya hastahili, humjia yeyote anayeamini ukweli wa moyo unaonekana kwa macho.

Katiba ya Muungano, ibara ya 12, inasema binadamu wote huzaliwa huru na wote ni sawa. Sentensi hiyo ni ndugu wa ile ya 1789. Lakini inayofuata inasema kila mtu anastahili heshima ya kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake, na neno hilo, utu, Wafaransa wale hawakuwa nalo. Kwetu sisi ubinadamu ni kuzaliwa, bin Adam. Utu ni kitu mtu anachoweza kukipoteza na kukirudia. Ingekuwa vizuri uwape darasa siku nzima ya kubishana juu ya maneno hayo mawili peke yake, kwa Kiswahili, kabla hujarudi kwenye kitabu.

Na kipindi kinachofuata fanya hivi. Andika ubaoni vifungu vichache vya Kanuni ya Adhabu ya 1791, kile cha miaka 24 na kile cha mfungwa kurejeshewa heshima. Pembeni yake andika vya sheria ya Juni 1794, kile cha ushahidi na kile cha wakili. Usiandike miaka. Waulize ipi ilitangulia, na je, waliozitunga wangeweza kuwa ni watu walewale. Yule wa nyuma mwache ajibu mwisho.